Ekstrakti ya mjafari imeua seli za HeLa kwenye MTT: niendelee vipi kutoka hapa?

Mtafiti_Kimara aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na utafutaji wa dawa za saratani kutoka kwenye mimea.

Niko Dar, utafiti ni wa shahada ya uzamili. Sampuli ni magome ya shina la mjafari (Zanthoxylum chalybeum), yamekaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye methanoli ya asilimia 80 kwa uwiano wa gramu 100 kwa lita 1, saa 48, kisha yakachujwa na kukaushwa kwa rotavapo kwenye nyuzi 40. Kilo moja ya unga imetoa gramu 85 hivi za ekstrakti.

Kwenye MTT (kipimo cha rangi cha uhai wa seli) ya saa 72, IC50, yaani kiwango kinachopunguza seli hadi nusu, kwa HeLa (seli za saratani ya mlango wa kizazi) ni mikrogramu 18 kwa mililita, na kwa Vero (seli zisizo za saratani) ni 41. Kontroli chanya ni doksorubisini, dawa ya saratani. Kiyeyushi, DMSO, kwenye kisima haizidi asilimia 0.5.

Nauliza hivi: 18 ni namba ya kuendelea nayo au ya kawaida tu? Nianze kutenganisha viambato kwa njia gani bila kupoteza kile kinachoua? Na la mwisho, ndugu wa wagonjwa wameshasikia, wananiomba unga wa magome. Wanasema wenzao wanakunywa majani ya mstafeli na wako salama. Niwajibu nini?

---

Pipeti96:

Karibu mkuu. Nianze na namba.

Kikomo kinachotumiwa sana, kilichotoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ni mikrogramu 20 kwa mililita kwa ekstrakti ghafi na 4 kwa kiambato safi. Kwa hiyo 18 inapita, lakini inapita kwa kuchungulia. Usiikatie tamaa, maana ekstrakti ni mchanganyiko wa mamia ya vitu. Kama kinachoua ni asilimia 1 tu ya uzito wake na hakuna kingine kinachosaidia, nguvu halisi ya kiambato hicho ni 0.18. Hiyo ni namba ya maana sana.

Uwiano wa 41 kwa 18 ni 2.3. Ni mdogo. Wengi wanataka angalau 3, na wakali wanataka 10. Ila Vero ni seli za figo ya nyani zilizozoea maabara, zinagawanyika kwa kasi, kwa hiyo sumu yoyote inayogonga mgawanyiko itazigonga nazo. Tafuta pia seli za ngozi za binadamu zisizo za saratani kabla hujasema kiambato kinachagua au hakichagui.

Kabla ya hayo yote, hakikisha usomaji wenyewe ni wa kweli. MTT haihesabu seli. Inapima uwezo wa kugeuza rangi ya manjano kuwa formazani ya zambarau, na kazi hiyo haifanywi na seli peke yake. Flavonoidi, polifenoli na vitamini C zinaigeuza zenyewe hata kama kisimani hakuna seli hata moja. Matokeo yake seli zilizokufa zinasomeka kama hai. Kwa upande wa pili, tanini zinagandisha protini za media (chakula cha seli) na za seli, na saponini zinapasua utando wa seli yoyote, kwa hiyo zinatoa mauaji ambayo hayana uhusiano wowote na saratani.

Fanya hivi. Kwenye sahani hiyo hiyo weka visima visivyo na seli, vyenye media pamoja na ekstrakti kwa kila kiwango ulichopima, uviongeze MTT kama vingine. Usomaji wake kwenye nanomita 570 ukizidi wa media tupu kwa zaidi ya 0.05, usitoe tu kwa hesabu. Nyonya media yote baada ya saa 72, suuza mara moja kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) ya uvuguvugu, ndipo uongeze media mpya isiyo na seramu yenye MTT ya 0.5 mg/ml, saa 3, halafu DMSO mikrolita 100. Suuza kwa upole kwenye ukingo wa kisima, maana seli zinazokufa hushika kwa shida na ukimwaga katikati utazing'oa.

Mengine ya kuangalia: HeLa 5,000 kwa kisima zinatosha kwa saa 72. Ukiweka 20,000 zitajaa kisima kabla ya muda na kontroli yako itaacha kukua, hivyo dawa itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Visima 36 vya pembeni vijaze PBS tu, usivitumie kwa data, kwa sababu hukauka haraka na kukupa namba za uongo. Na pima maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli za maabara. Seli zenye maikoplazma hubadilisha MTT kwa namna yao na hutaiona kwa darubini ya kawaida.

Kama maabara ina sulforhodamini B (SRB), rangi inayoshika protini za seli, rudia nayo. Unagandisha seli kwa asidi trikloroasetiki (TCA) baridi ya mwisho wa asilimia 10 kwa saa 1 kwenye nyuzi 4, unasuuza kwa maji mara tano, unakausha, unapaka rangi asilimia 0.4 ndani ya asidi asetiki asilimia 1 kwa nusu saa, unasuuza kwa asidi hiyo hiyo, kisha unayeyusha kwa Tris milimola 10 yenye pH 10.5 na kusoma nanomita 510. Hii inapima protini, polifenoli haziidanganyi kwa namna ile. Halafu gandisha sahani moja saa ile ile unapoongeza dawa. Bila sahani hiyo ya mwanzo huwezi kujua kama ekstrakti imeua seli au imezizuia tu kukua, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

---

Mtafiti_Kimara:

Asante sana mkuu. Visima visivyo na seli nimevisoma. Kwa mikrogramu 100 ni 0.21, kwa 25 ni 0.10, media tupu 0.06. Maana yake 18 yangu haifai?

---

Pipeti96:

Inafaa kama dalili, haifai kuandikwa kwenye tasnifu. Tena ona mwelekeo wa kosa: polifenoli zako zinaongeza zambarau, yaani zinaficha vifo. IC50 ya kweli huenda iko chini ya 18. Rudia kwa kusuuza au kwa SRB, utapata namba ya kuitetea mbele ya mtahini.

---

FundiKolamu:

Naingia upande wa kutenganisha, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza kiambato na kudhani "kilikuwa ushirikiano wa viambato".

Mjafari una alkaloidi nyingi, yaani viambato vyenye nitrojeni ambavyo huyeyuka kwenye maji ya asidi, kwa hiyo tumia njia ya asidi na besi. Chukua ekstrakti gramu 10, iyeyushe kwenye asidi haidrokloriki asilimia 2, mililita 200, ikoroge saa moja, ichuje. Ioshe kwa diklorometheni mililita 100 mara tatu. Diklorometheni hiyo ya kwanza ina mafuta, lignani na kumarini. Usiimwage, ikaushe na uipime kwenye seli kama nyingine. Kisha pandisha maji ya asidi hadi pH 9 au 10 kwa amonia, kidogo kidogo, chombo kikiwa kwenye barafu, na utoe tena kwa diklorometheni mililita 100 mara tatu. Humo ndimo alkaloidi nyingi zitakapoingia. Maji yanayobaki bado yana alkaloidi zenye chaji ya kudumu kama magnoflorini, kwa hiyo nayo ikaushe uipime.

Tabaka zikigoma kutengana kwenye faneli na katikati pakafanya kama uji, usitikise tena. Ongeza chumvi ya kawaida hadi maji yashibe, acha nusu saa. Ikishindikana, pitisha kwenye pamba au sentrifuji. Saponini ndizo zinazoleta hali hiyo.

Onyo moja kubwa kwa mti huu: usitumie asetoni pamoja na amonia. Kelerithrini, alkaloidi ya mti huu, na ndugu zake wana kaboni moja yenye njaa ya kushika chochote kilicho karibu, hivyo asetoni itajipachika hapo na utatenga "kiambato kipya", 6-asetonili-dihaidrokelerithrini, ambacho mti haukukitengeneza. Methanoli nayo inaweza kupachika kundi la methoksi mahali pale pale. Hatari hiyo tayari iko kwenye ekstrakti yako, kwa hiyo ukikutana na kiambato cha 6-methoksi kuwa na shaka, na ulinganishe na ekstrakti ndogo ya ethanoli iliyotolewa bila joto.

Sasa hesabu ya kukulinda. Kwa kila sehemu, gawanya uzito kwa IC50. Ekstrakti gramu 10 kwa IC50 18 ni mikrogramu 10,000,000 gawa 18, yaani takribani 556,000. Tuseme sehemu ya alkaloidi ni gramu 1 na IC50 yake ni 2.2, hiyo ni 455,000 hivi. Hapo uko salama, nguvu nyingi imehamia humo. Ila ukijumlisha sehemu zote ukapata 100,000, kuna kitu kimepotea: kimeoza kwa joto au besi, kimenata kwenye karatasi ya kuchujia, au kimebaki kwenye sehemu uliyoitupa. Ushirikiano wa viambato uuthibitishe kwa kurudisha sehemu pamoja na kupima upya. Usiudhanie tu.

Usikimbilie kolamu (bomba la silika la kutenganishia viambato) kabla ya LC-MS, mashine inayotenganisha viambato na kupima uzito wa molekuli zake. Mti huu una vinara wanaojulikana, na ni aibu kutumia miezi kutenga kitu kilichomo kwenye vitabu. Skimianini utaiona kwenye m/z (uzito kwa chaji) 260.09, sanguinarini 332.09, kelerithrini 348.12. Angalia hapa kwa makini: nitidini nayo ni 348.12, kwa sababu fomula yake ni ile ile ya kelerithrini, C21H18NO4. Uzito pekee hauwatengi. Unahitaji kulinganisha na sampuli sanifu kwa muda wa kutoka kwenye kolamu, au NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha umbo la molekuli.

Kama kinachoua ni kelerithrini, kazi yako bado ina thamani, ila usiiandike kama dawa tarajiwa. Inashika protini nyingi ovyo na kuua karibu kila seli unayoiwekea. Nitidini ilionyesha nguvu dhidi ya leukemia ya panya tangu zamani na mpaka leo haijawa dawa. Kitu cha kufuatilia ni sehemu ambayo inaua na hayo majina hayamo, au yamo kidogo kiasi kwamba hayawezi kueleza nguvu iliyoonekana.

Ukifika kolamu: silika ya mikromita 40 hadi 63, gramu 50 kwa kila gramu ya sampuli, sampuli ikaushwe kwanza juu ya silika kidogo. Anza na diklorometheni tupu, panda taratibu hadi methanoli asilimia 10. Alkaloidi zikivuta mkia, weka amonia asilimia 0.5 kwenye kiyeyushi. Chini ya taa ya nanomita 365 nyingi zitang'aa manjano au chungwa, na Dragendorff, kitendanishi cha kutambua alkaloidi, itathibitisha.

---

Mfamasia_Upanga:

Ndugu, nijibu la wagonjwa, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri kolamu.

Jibu ni usitoe unga, hata kijiko. Waeleze hivi: kilichopimwa kimemwagwa moja kwa moja juu ya seli kwenye kisima. Kikinywewa kinapita tumboni, kinachujwa na ini, kinagawanywa mwili mzima. Ili damu ya mtu mzima ifikie mikrogramu 18 kwa mililita, ukichukua lita 5 za damu peke yake bila nyama na mafuta, ni miligramu 90 zinazoelea kwenye damu kwa wakati mmoja na kubaki humo kwa siku tatu. Chai ya magome haitafika huko, ila inaweza kufika kwenye kiwango cha kuumiza ini.

Kuhusu mstafeli, ni kweli asetojenini za majani na mbegu zinaua seli za saratani maabara, kwa kuzima kituo cha kwanza cha uzalishaji nishati ndani ya mitokondria. Tatizo ni kwamba seli za neva zinategemea kituo hicho hicho. Huko Guadeloupe, mwaka 1999 ilichapishwa taarifa iliyohusisha ulaji wa matunda na chai ya jamii ya mstafeli na aina ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usioitikia vizuri dawa za kawaida za Parkinson. Annonasini, mojawapo ya asetojenini hizo, ndiyo inayoshukiwa. "Wako salama" ya miezi mitatu haitoshi kwa sumu inayofanya kazi kwa miaka.

Kubwa zaidi ni kugongana na dawa za hospitali. Mgonjwa wa Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, anaweza kuwa kwenye vinkristini, dawa ya saratani ambayo yenyewe imetoka kwenye mmea, Catharanthus roseus, lile ua la rangi ya waridi au nyeupe la petali tano lililopandwa kwenye bustani kibao hapa mjini. Vinkristini inavunjwa na kimeng'enya CYP3A4 cha ini. Kitu kinachozima kimeng'enya hicho kinaacha dawa ikae mwilini kupita kiasi: ganzi ya vidole, mguu kushindwa kunyanyuka, utumbo kusimama. Hata dawa za fangasi kama itrakonazoli zinaleta hilo. Kinyume chake pia kipo. Mmea wa Hypericum, unaouzwa kama dawa ya huzuni, ulishusha kiwango cha SN-38, umbo linalofanya kazi la irinotekani (dawa nyingine ya saratani), kwa asilimia 42 kwenye utafiti uliochapishwa 2002. Mgonjwa anadhani anajiongezea nguvu, kumbe anaipunguza dawa inayomtibu.

Na msiwaache wajichemshie lile ua la bustani kwa sababu nimesema lina vinkristini. Inahitajika karibu nusu tani ya majani makavu kupata gramu moja, dozi ya mtu mzima ni miligramu 1.4 kwa mita ya mraba na kwa kawaida haivushwi miligramu 2, na inapita kwenye mshipa wa damu pekee. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa inaua, ndiyo maana kwa watu wazima inashauriwa iwe kwenye mfuko mdogo wa maji na si bomba la sindano. Jani la kuchemsha halina kipimo, na lina alkaloidi nyingine nyingi ambazo hakuna anayezihitaji.

Wagonjwa wanaotumia mitishamba tayari wasigombezwe. Waombe walete jina, sehemu ya mti na kiasi, wamwambie mfamasia au muuguzi kabla ya mzunguko wa dawa unaofuata. Ukiwagombeza wataendelea kunywa na kukuficha.

---

Hebaria_Mlimani:

Naomba niongeze jambo linalosahaulika hadi mwisho: mti wenyewe.

Kabla ya kurudi kuchukua magome mengine, peleka sampuli yenye majani, miiba na maua au matunda kwenye hebaria (hifadhi ya sampuli kavu za mimea) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upewe namba. Andika mahali kwa GPS, tarehe, sehemu iliyochukuliwa. Hapa pwani jina la mjafari linatumika kwa zaidi ya aina moja ya Zanthoxylum, na alkaloidi zake hazifanani kwa kiasi. Bila namba ya hebaria, mtu atakayerudia kazi yako anaweza kuchukua mti mwingine na kusema umeongopa. Msitu ukiwa wa hifadhi, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza. Sampuli ikienda nje kwa NMR, uwe na cheti cha afya ya mimea na mkataba wa maandishi unaosema nani anamiliki nini kikigunduliwa. Huo mkataba usisainiwe na mwanafunzi peke yake.

Chukua magome kwa vipande vya upande mmoja, usizungushe shina lote, usichimbe mizizi kama shina linatosha. Wakati huo huo pima majani. Kama majani yana hata robo ya nguvu ya magome, nenda na majani, kwa sababu yanarudi.

Sisemi haya kwa huruma ya miti tu. Someni habari ya maitansini, kiambato cha mti kinachoua seli za saratani. Ilitengwa na kundi la Kupchan na kuchapishwa 1972, kutoka mti wa jamii ya Maytenus wa Ethiopia. Kiasi kilikuwa kidogo mno, wakahamia Maytenus buchananii wa Shimba Hills, Kenya, jirani zetu kabisa, na huko zilivunwa tani 27 hivi za mti huo kwa ajili ya majaribio ya Marekani. Walipohitaji mzigo mwingine miti ilikuwa haijajirudi vya kutosha. Na baada ya yote, kwenye wagonjwa dawa ilileta sumu ya tumbo na neva, faida ikawa ndogo, ikawekwa kando.

Iliokolewa na mambo mawili. La kwanza, ndugu zake wa kikemia, ansamitosini, walipatikana kwenye bakteria, Actinosynnema pretiosum, wanaokuzwa kwenye matangi bila kugusa mti. La pili, ilifungwa kwenye kingamwili ya trastuzumabu inayoipeleka kwenye seli za saratani zenye protini ya HER2, badala ya kuizungusha mwili mzima. Hiyo ndiyo trastuzumabu emtansini, iliyoidhinishwa Marekani 2013 kwa saratani ya matiti. Yaani miaka 41 tangu kuchapishwa.

Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilipita njia kama hiyo. Gome la Taxus brevifolia lilikusanywa 1962, umbo likachapishwa na Wall na Wani 1971, kazi yake ya kugandisha mikrotubuli (nyuzi ambazo seli huzitumia kugawanyika) ikaelezwa na Susan Horwitz 1979, idhini ikaja Desemba 1992. Kilichoondoa tatizo la magome ni kutumia sindano za majani ya Taxus baccata kupata kianzio cha kutengenezea dawa, na baadaye seli za mmea zinazokuzwa matangini. Kwa hiyo mtahini akikuuliza "kilo ngapi za magome kwa gramu moja", uwe na jibu lililohesabiwa.

---

Mtafiti_Kimara:

Nawashukuru wote, wakubwa zangu. Naanza na SRB na njia ya asidi na besi. Swali dogo la mwisho: sehemu nitakazozipata nizihifadhi vipi? Friji letu linazimika umeme ukikatika.

---

FundiKolamu:

Zihifadhi zikiwa kavu kabisa, usizihifadhi ndani ya kiyeyushi. Chupa ndogo za glasi za kahawia, kizibo chenye tefloni, ndani ya boksi lenye silika ya kunyonya unyevu. Kwa unyevu wa Dar, chupa ikitoka kwenye baridi isifunguliwe mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewani utageuka maji juu ya unga na uzito wako wote utakuwa wa uongo. Sampuli kavu inavumilia saa chache za umeme kukatika. Inayoharibika ni ile ya DMSO. Iandae kwa 20 mg/ml, igawe kwenye mirija ya mikrolita 50, kila mrija utumike mara moja na utupwe. Ukikuta vipande vimezama chini baada ya kuyeyuka, usikoroge tu na kuendelea. Ipashe nyuzi 37 kwa dakika 10, uangalie tena kwenye mwanga, na kama bado kuna vumbi andaa upya kutoka kwenye unga.